Waliotoka shuleni na vyuoni: nani aingie kwenye ukumbi wa heshima wa soka letu?

Jumamosi iliyopita, kwenye dakika za simu za kipindi cha michezo, msikilizaji mmoja wa Kunduchi Mtongani alituuliza swali ambalo muda wa hewani haukutosha kulimaliza. Alikuwa amesoma kwenye simu yake kwamba Wamarekani wana jumba la kuwaenzi wachezaji wao wa zamani, na kila mwaka watu wanabishana kuhusu nani, kati ya wale waliong'ara vyuoni, anastahili kuingizwa humo. Akauliza: "Na sisi je? Hawa wetu waliotokea shuleni na vyuoni, nani angeingia?" Simu zilizofuata kila moja ilikuja na jina lake, na wawili walikaribia kugombana. Ndiyo maana naandika.

Kwanza tuelewane kuhusu hilo jumba. Liko mji wa Canton, jimbo la Ohio, na lilifunguliwa mwaka 1963. Ni la ule mpira wao wa kushika kwa mikono, wenye kofia ngumu. Kwao kijana husoma na kucheza chuo kikuu, halafu timu za ligi kuu huchagua wanachuo kwa zamu, mmoja baada ya mwingine. Mchezaji hafikiriwi kuingia Canton mpaka itimie miaka 5 tangu astaafu, na kamati inayopiga kura, ambayo wengi wao ni waandishi wa michezo, lazima impe asilimia 80. Aliyetamba chuoni tu ana jumba lake jingine, liko Atlanta.

Kwa maneno mengine, wametenganisha maswali mawili: ulikuwa hodari chuoni, na ulifanya nini baada ya hapo?

Mfano ambao wengi tunaukumbuka si wa soka, ni wa kikapu. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alicheza Chuo Kikuu cha Connecticut na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika NBA nzima, na timu ya Memphis. Stephen Curry mwaka huohuo alichaguliwa wa saba. Leo kila mtu anajua Curry amefika wapi, na Thabeet hakudumu kwenye ligi ile. Kwa mizani ya Wamarekani, chuoni alikuwa mkubwa, kwenye kulipwa hapana. Kwa mizani yetu ni Mtanzania wa kwanza kufika NBA, na hilo haliwezi kufutwa. Inategemea ukumbi ni wa nani.

Turudi kwenye soka. Njia yetu haikuwa kama ya Wamarekani. Mchezaji wetu alitoka mtaani, au jeshini, au kwenye timu ya kiwanda, na wachache walitokea UMITASHUMTA na UMISSETA. Na michezo hiyo ya shule nayo kuna kipindi ilisimamishwa kabla ya kurudishwa. Kwa hiyo ukisema unatafuta waliotoka shuleni na vyuoni, orodha yako itakuwa fupi, lakini ina watu wazito.

Wa kwanza wangu ni Leodegar Tenga. Ni mhandisi, amepita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, amecheza Yanga na Pan African, na alikuwa beki wa Taifa Stars iliyokwenda Lagos mwaka 1980 kwenye fainali za Mataifa ya Afrika. Vijana wengi wanamjua kama rais wa TFF, kuanzia mwishoni mwa 2004 hadi 2013. Hapo ndipo ugomvi wa Jumamosi ulipoanza. Mmoja alisema aingie kwa uongozi wake, mwingine akasema kwa uongozi wake asiingie. Mimi nasema uongozi tuuweke pembeni kabisa. Tukianza kuwapa watu heshima ya uwanjani kwa sababu ya ofisi walizokalia, baada ya miaka kumi ukumbi utajaa wenyeviti. Tenga aingie kwa jezi aliyovaa wakati ambapo kusoma uhandisi na kucheza timu ya taifa kwa pamoja kulionekana jambo lisilowezekana.

Mwaka ule sikuwa nimezaliwa. Ninayoyajua nimeyapata kwa baba yangu mdogo, anayelisimulia goli la Peter Tino la Ndola kana kwamba alikuwa amekaa nyuma ya nyavu, kumbe alikuwa kwenye benchi la duka, sikio kwenye redio. Ilikuwa 1979. Stars walikuwa wameifunga Zambia 1-0 Dar es Salaam, na kule Ndola goli la Tino likaleta sare ya 1-1 iliyotupeleka Lagos. Huko tulifungwa 3-1 na Nigeria, ambao ndio waliochukua kombe, tukafungwa 2-1 na Misri, tukatoka 1-1 na Ivory Coast. Juma Mkambi alifunga moja, Thuweni Ally mawili. Ilituchukua miaka 39 kurudi tena, mwaka 2019.

Na hapa swali la msikilizaji wetu linaanza kunibana. Tino haingii kwenye orodha ya vyuo, na wenzake wengi hali kadhalika. Ukumbi unaomwingiza Tenga kwa sababu ana shahada na kumwacha Tino nje, mimi siutaki. Kikosi kile kiingie chote kwa pamoja, siku moja. Miaka 39 baadaye, Stars ilipoifunga Uganda 3-0 na kufuzu, Tino alialikwa Ikulu na Rais Magufuli akampa shilingi milioni 5. Ni jambo jema, lakini fedha hutumika zikaisha. Jina ukutani mjukuu wake atalikuta.

Wa pili kutoka shuleni ni Juma Kaseja, aliyepita Sekondari ya Makongo, shule ya jeshi ambayo kutoka Kunduchi unaifikia kwa daladala kabla hujachoka kusimama. Mwaka 2003 Simba walikwenda Cairo kuwakabili Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika. Walifungwa 1-0, sawa na ushindi wao wa nyumbani, ikaja mikwaju ya penalti, na Kaseja akaamua mechi. Mwaka 2019, wakati wengi walishamhesabu mzee, akarudi langoni mwa Stars dhidi ya Burundi na kufanya yaleyale kwenye penalti. Ukinitaka nipange, Kaseja anaingia bila mjadala.

Lakini nani alimfikisha Makongo? Kanali Idd Kipingu, aliyekuwa mkuu wa shule ile, alikusanya vijana wenye vipaji akawapa dawati na mpira kwa wakati mmoja. Ukumbi wa wachezaji wa shule usio na nafasi ya mwalimu utakuwa na pengo. Simu za Jumamosi hazikumtaja hata moja, na hilo lilinishangaza kuliko ugomvi wa Tenga.

Walionitajia Mbwana Samatta wameuliza mbona simweki. Genk, Aston Villa, goli la fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City mwaka 2020, yote nayajua. Ila utaratibu wa miaka 5 baada ya kustaafu naupenda. Tusubiri mashabiki wapoe.

Mwaka 2027 fainali za Mataifa ya Afrika zinakuja hapa kwetu, Kenya na Uganda. Arusha ujenzi wa uwanja mpya wa watu 30,000 ulianzishwa kwa ajili hiyo. Mgeni atakayeshuka na kuuliza historia ya soka letu iko wapi, tutamwonyesha chumba gani? Wale wa 1980 waliobaki wanazeeka, na picha nyingi ziko kwenye mabegi chini ya vitanda vya familia.

Jumamosi hii tunafungua tena simu. Tuma jina moja, shule au chuo alichotokea, na mechi moja unayoikumbuka. Jina bila mechi sitalisoma.