Uvimbe Kichwani: Neno Moja, Maradhi Mengi

Mzazi wa Bariadi akiambiwa kwamba mwanawe ana uvimbe kichwani, hana budi kuuliza: uvimbe upi? Lugha yetu hulitumia neno hilo kwa ubongo uliofura kwa kushambuliwa na vijidudu, na pia kwa donge la seli zinazozaliana pasipo kiasi. Maradhi ya kwanza mara nyingi hutibiwa kwa dawa. Ya pili kwa kawaida humhitaji mpasuaji. Walimu wa biolojia wangefaa kuitenganisha maana hiyo darasani.

Kipimo cha kwanza si mashine, bali kalenda. Homa ya uti wa mgongo kwa kawaida huja kwa saa au siku chache, pamoja na joto kali, shingo kukakamaa, kuweweseka na degedege. Donge hukua kwa majuma au miezi, mara nyingi bila homa: mtoto huumwa kichwa na kutapika aamkapo, huingia makengeza, hupepesuka, na mwandiko uliokuwa mzuri huharibika. Mwalimu huyaona hayo daftarini kabla ya daktari, lakini (yasikitisha kusema) huyaita uvivu.

Hata hivyo kalenda huweza kudanganya. Kifua kikuu kikifika ubongoni hujikokota, na huweza kujenga donge ambalo katika picha hufanana na uvimbe wa seli. Mayai ya kichocho, ugonjwa wa watu wa kando ya Ziwa Victoria, wakiwamo wa Busega, hufika huko kwa nadra yakafanya vivyo hivyo. Malaria nayo hupotosha. Mwaka 2004 watafiti wa Blantyre, Malawi, walitangaza uchunguzi wa maiti za watoto 31 waliodhaniwa kufa kwa malaria ya ubongo: 7 walikuwa wamekufa kwa sababu nyingine. Kuviona vimelea katika damu, basi, hakumalizi uchunguzi.

Kosa hapa ni la hatari. Penye donge kubwa, kutoa maji ya uti wa mgongo kwaweza kuushusha ubongo ukabanwa, na mtoto akafa. Ndiyo sababu daktari huuliza kwanza ugonjwa ulianzaje.

Kwa maoni yangu, mwanafunzi anayepelekwa hospitali, iwe Bariadi au Bugando kule Mwanza, aende na karatasi ya mwalimu wake: lini alianza kutapika, lini mwandiko ulibadilika, kama huoga ziwani, kama nyumbani kuna anayekohoa. Lakini mwenye homa na shingo iliyokakamaa asingojeshwe karatasi. Apelekwe saa hiyo hiyo.