Imeli inapita njia gani mupaka kufika?



Mwezi huu tunajibu maulizo mawili ambayo vijana wa miji ya migodi wanatuuliza mara nyingi. La kwanza: “Nilituma dosie yangu ya kuomba kazi kwa imeli, lakini hakuna jibu. Je, ilipotea njiani?” La pili: “Nimepata imeli yenye jina la kampuni kubwa. Wanasema nimekubaliwa kazi, lakini kwanza nitume feza ya dosie. Namna gani nitajua kama ni wao kweli?”

Maulizo ni mawili, lakini jibu linatoka mahali pamoja: kujua imeli inapita wapi. Mutu mwenye kujua njia, si rahisi kumupoteza.

ADRESI INA SEHEMU MBILI

Mwaka wa 1971, injinia mumoja wa Marekani, Ray Tomlinson, alituma barua ya kwanza kutoka ordinatere moja kwenda ingine kupitia rezo. Ni yeye alichagua ile alama @. Upande wa kushoto wa alama kuna jina la mutu. Upande wa kuume kuna jina la nyumba yake, ni kusema kampuni, masomo ao biro. Jina hilo la nyumba linaitwa domeni.

Ukisha kubonyeza “tuma”, barua haikimbie moja kwa moja ndani ya telefone ya mwenzako. Inaenda kwanza kwa seva yako. Seva ni ordinatere inayowaka muchana na usiku kwa kazi ya kupokea na kutuma, sawa vile biro ya posta. Ile seva haiangalie kwanza jina la mutu. Inaangalia domeni tu. Kisha inauliza kitabu kikubwa cha majina cha intaneti: “Barua za nyumba hii zinapokelewa na seva gani?” Kitabu kinajibu kwa kutaja seva moja ao mbili ao zaidi, kila moja na namba yake. Ile yenye namba ndogo inajaribiwa mbele. Kama imezimika, inajaribiwa inayofuata. Kanuni ya kuzungumuza kati ya seva, inayoitwa SMTP, iliandikwa mwaka wa 1982. Ile ya kutafuta seva ya kupokea kwa njia ya domeni ilitolewa mwaka wa 1986. Zote mbili zinatumika mupaka leo, hata kama zimetengenezwa upya mara kadhaa.

NDANI YA KAMPUNI

Sasa tuseme kampuni moja iko na biro Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na Kamina. Barua inafika kwa mulango. Pale kuna seva ya mulinzi: inachunguza kama barua iko na virusi ao uongo. Kisha inafungua orodha ya wafanyakazi. Jina haliko? Barua inakataliwa palepale. Jina liko? Inaangalia sanduku la ule mutu liko kwa biro gani.

Hapa ndipo kuchagua njia kunaanza. Mafundi wanapatia kila njia kati ya biro mbili namba, sawa bei ya safari. Njia ya haraka inapewa bei ndogo, njia ya polepole inapewa bei kubwa. Chukua mufano wa Exchange, programu ya Microsoft ambayo kampuni nyingi zinatumia. Tangu Exchange ya mwaka wa 2007, seva inajumlisha bei za njia zote na kuchagua ile yenye jumla ndogo.

Na kama barua moja inaenda kwa watu wawili, mumoja Kolwezi na mwingine Kamina? Fikiria njia ya treni yetu. Kutoka Lubumbashi inapita Likasi, inafika Tenke, na pale inagawanyika: mukono mumoja unaenda Kolwezi na Dilolo, mukono mwingine unapanda Kamina. Mutu mwenye akili hatapakia mizigo miwili ya namna moja kutoka Lubumbashi, wakati mumoja unaweza kusafiri mupaka Tenke na kugawanywa pale. Exchange inafanya vile vile: kopi moja inasafiri mupaka pale njia zinaachana, ndipo inakuwa mbili. Inapunguza mizigo ya rezo.

Na kama umeme umekatika Kolwezi? Barua haitupwe. Seva inajaribu kufika. Ikishindwa, inarudi nyuma kwa njia ile ile na kuacha barua kwa kituo kilicho karibu zaidi na pale njia ilikatika. Barua inangoja foleni, na seva inajaribu tena na tena. Kanuni ya SMTP ya mwaka wa 2008 inashauri kungoja angalau dakika 30 kati ya kujaribu na kujaribu, na kutokata tamaa mbele ya siku 4 ao 5. Exchange, kama fundi hakubadilisha kitu, inangoja siku 2. Wakati ukipita, seva inakuandikia wewe mwenye kutuma: “Barua yako haikufika.”

JIBU LA ULIZO LA KWANZA

Basi, wewe kijana uliyetuma dosie, angalia kama ulipata barua ya namna hiyo. Usiifute bila kusoma! Ndani yake kuna namba. Ikianza na 4, ni tatizo la kupita, na mara nyingi seva ingali inajaribu. Ikianza na 5, ni mwisho: mara nyingi adresi iliandikwa vibaya, sanduku haliko tena, ao barua ilikuwa nzito. Juu ya uzito, jua hivi: fishie ikiingia ndani ya imeli inaongezeka karibu sehemu moja kwa tatu. Picha za diploma zenye megabaiti 20 zinasafiri kama megabaiti 27 hivi, na seva nyingi zinazikataa. Punguza picha kabla ya kutuma.

Kama hakuna barua yoyote iliyorudi, mara nyingi maana yake ni kwamba seva ya kampuni ilipokea. Lakini kupokelewa na seva si kusomwa na mutu. Inaweza kuwa imelala ndani ya sanduku la barua zisizotakiwa, ao shefu wa biro hajaifungua. Usitume mara kumi, kwa sababu mulinzi wa mulango anaweza kukuhesabu kati ya wasumbufu. Tuma mara moja tena kisha siku kadhaa, ao uende mwenyewe kuuliza kwa heshima.

JIBU LA ULIZO LA PILI

Sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa familia zinapoteza feza. Jina la mutumaji unaloona juu ya imeli ni maandishi tu. Mutu yeyote anaweza kuandika jina la gavana nyuma ya bahasha. Je, bahasha inakuwa ya gavana? Wakati SMTP iliandikwa, ordinatere za rezo zilikuwa kidogo na wenyewe walijuana. Hawakuweka kufuli.

Kufuli zilikuja nyuma, na ziko tatu. SPF ni orodha ya seva ambazo nyumba imeruhusu kutuma barua kwa jina lake. DKIM ni muhuri wa siri unaoonyesha kama barua ilibadilishwa njiani. DMARC inaambia mwenye kupokea afanye nini kama vile viwili havikubaliane na jina lililoandikwa. Kwa Gmail, ukifungua barua ndani ya ordinatere, chagua “Afficher l’original”: utaona kila moja ikiwa na neno PASS ao FAIL. Chini yake kuna mistari ya Received. Kila seva iliyopitisha barua inaongeza musitari wake juu, basi safari inasomwa toka chini kwenda juu. Lakini angalisho: mistari ya chini kabisa mwizi anaweza kuibuni. Ile ya juu, iliyoandikwa na seva yako mwenyewe, ndiyo ya kuaminiwa.

Tena, PASS peke yake haitoshe. Mwizi anaweza kununua domeni yake inayofanana na ya kampuni, kwa kuongeza kistari ao neno “recrutement”, na barua yake ipate PASS tatu. Soma domeni herufi kwa herufi. Angalia pia kama jibu lako litaenda kwa adresi ingine. Na kama barua inatoka kwa Gmail ya kawaida, lakini inasema ni kampuni ya maelfu ya wafanyakazi, jiulize juu ya nini.

Zaidi ya yote: wakiomba feza ili upewe kazi, simama. Usipige namba iliyo ndani ya ile barua. Tafuta namba ya kampuni kwa njia ingine, uende kwa mulango wao, ao uulize kwa biro ya ONEM.

Wazazi, musiwacheke vijana wenye kutumaini. Ikeni pamoja, mufungue ile barua na kuisoma polepole. Feza ya bukari isitoke nyumbani kwa sababu tu ya jina lililoandikwa juu ya imeli.