Hadithi Hii ni ya Nani?

Mwezi huu tunaomba tuzungumze juu ya sinema. Huenda ukajiuliza, muuguzi na sinema wapi na wapi? Tuvumilie kidogo.

Hapa kwetu Segerea, vijana wa kanisa walitujia jioni moja wakiwa na furaha kubwa. Walitaka kutengeneza filamu fupi juu ya mama mmoja jirani aliyeishi na fistula ya uzazi kwa miaka mingi, akakimbiwa na mume, kisha akapona baada ya upasuaji. Simu ya kupigia picha walikuwa nayo, na maneno ya waigizaji walikwisha yaandika. Tukawauliza swali moja tu: "Je, mwenyewe anajua?"

Wakatazamana.

Sisi wauguzi tulifundishwa tangu chuoni kwamba siri ya mgonjwa si mali yetu. Hata kama habari yake ni nzuri, hata kama imekwisha kwa furaha, bado ni yake. Vijana wale hawakuwa na nia mbaya. Walidhani kwamba jambo likijulikana mtaani, basi limekuwa la kila mtu.

Hatukutaka kuwakatisha tamaa. Mmoja wao aliwahi kuhudhuria tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, lililoanzishwa mwaka 1997 na ambalo kwa miaka mingi limekuwa likionyesha filamu pale Ngome Kongwe. Alitueleza kilichomgusa kuliko picha zenyewe: filamu ikiisha, aliyeitengeneza husimama mbele ya watu na kuulizwa maswali. Wengi wao ni watengenezaji wa kujitegemea. Hawana kampuni kubwa nyuma yao; fedha huzitafuta wenyewe, na mara nyingine ndugu na marafiki ndio waigizaji. Filamu fupi huwa ndiyo shule yao, maana dakika kumi au ishirini hazidai gharama ya saa mbili. Amil Shivji, kwa mfano, alitoa filamu fupi ya Shoeshine mwaka 2013, juu ya mpiga kiwi viatu wa Dar es Salaam, na miaka minane baadaye akatoa filamu ndefu ya Vuta N'kuvute. Tamasha hilo limepata pia kupeleka filamu vijijini, Unguja na Pemba, ili na akina mama wasiofika mjini watazame na kuzijadili.

Tukawaambia vijana: hapo ndipo penye somo. Mtu anayejua kwamba atasimama na kuulizwa, huwa mwangalifu tangu mwanzo. Basi tukakubaliana maswali matatu ambayo wangepaswa kuyajibu bila kuinamisha uso:

1. Hadithi hii umeipata kwa nani?
2. Mwenyewe amekubali, huku akijua itaonyeshwa wapi na kwa nani?
3. Ikionyeshwa, atabaki na heshima au na aibu?

Tulimwendea yule mama. Hakujibu siku ile. Baada ya wiki mbili alituita akasema, "Jina langu msilitaje, nyumba yangu msiipige picha. Lakini ugonjwa wenyewe usemeni, asije mwingine akajifungia ndani kama mimi." Hata haya tunayoandika hapa tumeyaandika kwa ruhusa yake.

Vijana wakabadili mengi. Mama wa kwenye filamu akawa mchuuzi wa samaki, mahali pakawa pengine. Filamu haikupoteza nguvu. Hadithi ya kubuni yaweza kubeba uchungu wa wengi bila kumvua nguo mtu mmoja. Kule Pangani, shirika la UZIKWASA lilitoa filamu ya kuigiza iitwayo Aisha mwaka 2015, inayozungumzia ubakaji na ukimya wa jamii, jambo ambalo wengi wetu hatuthubutu kulitamka hata tukiwa wenyewe kwa wenyewe.

Siku ya kuonyesha filamu yao ukumbini, vijana walisimama mbele, wakaulizwa, wakajibu. Watu walipotawanyika, mama mmoja alibaki nyuma akipanga viti ambavyo hakuna aliyemwomba avipange. Tulipomkaribia akauliza kwa sauti ndogo, "Hivi, hiyo hospitali iko wapi?"

Mpenzi msomaji, kama nawe una swali hilo, sikiliza. Fistula si laana wala uchawi. Ni tundu linalotokana hasa na uchungu wa uzazi uliokawia bila msaada, hata mkojo au haja kubwa ikawa inatoka bila kujizuia. Kwa wengi hutibika kwa upasuaji. Kwa hapa Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT iliyoko Msasani ni miongoni mwa zinazojulikana kwa matibabu hayo. Nenda, au mpeleke mwenzio.

Nanyi wazazi, siku hizi karibu kila nyumba ina simu inayopiga picha. Kabla mwanao hajampiga picha bibi mgonjwa, jirani anayelia au mtoto aliyeanguka, mfundishe kuuliza: "Hadithi hii ni ya nani?" Na sisi wazazi tujiulize hivyo hivyo kabla ya kuzituma picha hizo kwa wengine.

Tukutane tena mwezi ujao, Mungu akipenda.