GARI HALINA MKOSI, UZEMBE NI WETU

Ndugu wanachama,

Gari letu la Ushirika limelala tena kule mtoni, na kama kawaida tumesikia: "Ndivyo lilivyo, lina mkosi." Jamani, hadi lini? Tumezoea kulisukuma mpaka watoto wanadhani kusukuma ndiyo namna ya kuliwasha.

Sisi tunasema gari halina mkosi. Krosi za propela zimekatika mara tatu tangu masika. Kila mara tunachanga, tunanunua mpya, tunafunga, tunapiga makofi. Nani ameuliza kwa nini zinakatika? Krosi zinataka grisi, hasa gari likishavuka mto, maana maji na tope huifukuza. Bomba la kutilia grisi lipo stoo, limekauka!

Tena gia ya magurudumu yote manne inaachwa imeingia hata barabara kavu. Kwa gari kama letu, gia hiyo ni ya tope. Kwenye kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Penye utelezi yanateleza kidogo na mambo yanakwisha. Penye ukavu hayawezi, na nguvu yote inaishia kwenye propela na gia.

Rejeta nayo tunaijaza maji ya mtoni yenye tope, ikiziba tunashangaa injini kuchemka na gasketi kuungua.

Wala tusimlaumu dereva peke yake. Ni nani waliopakia magunia mpaka springi zikavunjika? Ni sisi. Ni nani walionyoosha mikono mkutanoni fedha ya sevisi inunue soda za wageni? Ni sisi sisi.

Wiki iliyopita mama mjamzito alipelekwa zahanati usiku kwa baiskeli, gari likiwa juu ya mawe. Amejifungua salama, Mungu mkubwa. Safari ijayo je?

Kwa hiyo tunadai:

1. Liwepo daftari la gari. Kila ubovu uandikwe pamoja na chanzo chake, sio bei ya spea tu.
2. Grisi itiwe kila Jumamosi, na kila gari likivuka mto.
3. Mzigo upimwe kwa mizani ya ghala kabla ya kupakiwa.
4. Fedha ya sevisi isiguswe na mtu.

Asiyekubali aje mkutanoni aseme, sio kunong'ona kilabuni. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu tumeshaujenga mara tatu.

Ni sisi,
Kamati ya Gazeti la Ukutani