Ritifaa Haina Hatia

Wako watunzi wa programu washikao kwamba jina la faili, likiundwa na kompyuta yenyewe kutoka kichwa cha makala, halina budi kusafishwa kwanza. Na katika uchafu wa kufagiwa wameitia ritifaa. Mwandishi aliyeandika ng'ombe hukuta ngombe, au ng-ombe. Akilalamika huambiwa kwamba mashine haiikubali alama hiyo.

Neno hilo si kweli. Windows hukataza alama tisa zionekanazo, miongoni mwake mkwaju, nyota, nukta pacha na alama ya kuuliza. Linux hukataza mkwaju, na alama moja isiyoonekana ambayo thamani yake ni sifuri. Ritifaa haimo huku wala kule. Naam, katika amri za Linux ritifaa hufungua nukuu, na amri iliyotungwa ovyo huvunjika. Lakini kosa hilo ni la mtunga amri, na dawa yake yajulikana. Mbona watunzi hao hao hukumbuka kuyaepuka majina CON na NUL, yaliyotengwa tangu siku za DOS? Ya DOS wanayahifadhi. Sauti ya lugha iliyo hai wanaifuta!

Wala hasara si ya sura tu. Ng'oa ni kutoa kilichopandwa. Ngoa ni wivu. Ritifaa ikifagiwa, makala mbili zisizojuana hupewa jina moja, na programu isiyouliza huandika ya pili juu ya ya kwanza. Ya kwanza imekwenda zake, na mwenyewe hana habari.

Wengine huiacha ritifaa, ila hawajali ni ipi. Katika Unicode ziko tatu zinazofanana machoni: 0027 iliyonyooka, 2019 iliyopinda, ambayo programu nyingi za kuandikia huiweka zenyewe mahali pa ile ya kwanza, na 02BC, ihesabiwayo kuwa herufi. Kwa hiyo msomi hutafuta ng'ambo akaambiwa hakuna, na faili iko mbele yake. Kwa haki 02BC ndiyo istahiliyo, maana ng' ni sauti moja, si neno lililokatwa. Lakini kwa majina ya faili mimi nachagua 0027, ambayo vidole vya kila mwandishi vyaijua. Basi programu na ipokee zote tatu, iziandike kwa hiyo moja, ifute zilizokatazwa kweli peke yake, na ikikuta jina limekwisha kutumika, iongeze nambari mwishoni.