Uongo Ulianza na Sarafu Ndogo

Katika Kiswahili neno “fedha” lina maana mbili: madini meupe, na pesa ya matumizi. Katika nchi za Wajerumani wa zamani maana hizo zilikutana mkononi. Sheria ya dola ya mwaka 1566 ilitaka kila thaler iwe na takribani gramu 26 za fedha safi. Picha ya mtawala ilikuwa ushuhuda tu; thamani ilikuwa ndani.

Wakuu wengi walikuwa na haki ya kupiga sarafu, wakiwemo maaskofu wakuu wa Mainz, Köln na Trier. Vita ya Miaka Thelathini ilipoanza mwaka 1618, askari walitaka mishahara. Wakuu wengi wakaanza kuchanganya shaba katika sarafu ndogo, hata nyingine zikawa shaba iliyopakwa weupe juu. Picha na maandishi vilibaki vilevile.

Wenye uwezo walificha thaler nzuri. Kibarua na mwalimu walilipwa shaba, kisha sokoni wakakataliwa. Mwaka 1622 ghasia zilizuka Magdeburg. Wala tusinyoosheane vidole kwa madhehebu: watawala wa Kilutheri walifanya hivyo, na Kaisari Ferdinand II, Mkatoliki, aliwakodisha wakubwa wachache viwanda vya sarafu vya Bohemia. Kipimo cha zamani kiliporudishwa, hasara ilibaki kwa aliyeshika shaba.

Kwa maoni yangu, hiyo haikuwa hila ya uchumi tu. Ilikuwa dhambi dhidi ya maskini, ileile ambayo nabii Amosi aliwakemea nayo wafanyabiashara wa mizani ya udanganyifu.

Nasi tunapewa chapa: daraja takatifu, uenyekiti wa jumuiya, uhazini wa parokia. Kanisa linafundisha kwamba sakramenti ni halali hata padre akiwa mdhambi. Lakini mahubiri yake juu ya haki, na mkono wake unaopokea sadaka, watu huvipima kwa maisha yake.

Tukumbuke kwamba uongo ule ulipita katika sarafu ndogo, pesa ya mnyonge. Basi kapu la sadaka lihesabiwe na watu zaidi ya mmoja, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe mbele ya waamini wote. Mseminari asiyezoea kutoa hesabu ya nauli aliyopewa leo, atatoaje kesho hesabu ya parokia?