Heliamu ya Eyasi: kibali kisitujie usiku

KIJANA unayeosha magari ya watalii pale Karatu, yakienda geti la Lodoare na kurudi, umeshaambiwa kilicho chini ya Bonde la Eyasi?

Mwaka 2016 wataalamu wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kuwa Bonde la Ufa la Tanzania lina gesi ya heliamu. Kampuni hiyo ilichukua leseni za utafutaji Rukwa, Balangida na Eyasi. Gesi hii si ya maputo tu. Ndiyo inayopoza mashine za MRI hospitalini, na viwanda vya vifaa vya kompyuta vinaililia. Rukwa leseni ya uchimbaji imetoka mwaka 2025. Zamu ya Eyasi ikifika, itakuwaje?

Tuna sababu ya kuuliza. Madini adimu ya Ngualla, Songwe, yaliombewa leseni mwaka 2017. Leseni ikatoka Aprili 2023! Mtoto aliyezaliwa siku ya maombi alikuwa anakwenda chekechea. Sheria ilibadilishwa, Tume ya Madini nayo ndiyo kwanza inaundwa, faili likapigwa danadana. Wenzetu wa Ulaya mwaka 2024 walitunga sheria kwamba kibali cha mgodi wa kimkakati kisizidi miezi 27.

Tunasema bila kuuma maneno: vibali viharakishwe. Vijana hawali mafaili.

Lakini kuharakisha ofisini ni kitu kimoja, na kuruka kijiji ni kitu kingine. Vitunguu vya Mang'ola, ambavyo hata Nairobi wanavijua, vinanyweshwa na chemchemi zinazotoka nyanda za juu za Ngorongoro. Wahadzabe wanawinda na kurina asali huko huko. Nani amepima maji hayo? Mtambo wa kuchoronga utakunywa kiasi gani? Maswali haya yaulizwe mwezi wa kwanza, si baada ya wakubwa kukata utepe.

Na siri iishe. Sheria ya uwazi ya mwaka 2015 inataka mikataba ya madini iwekwe hadharani. Kwa nini mwananchi aisikie redioni asilimia 16 ya hisa za serikali, asione karatasi yenyewe?

Kabla chuma cha kwanza hakijashushwa Mang'ola, tunataka mkataba ubandikwe ukutani ofisi ya kijiji. Kwa Kiswahili. Kurasa zote.